Kisima, Choo na Ardhi: Safari ya Usafi Vijijini Zimbabwe

Mwezi wa Agosti mwaka 2008 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka nchini Zimbabwe. Ulianzia katika mji wa Chitungwiza, kusini mwa Harare, ukaingia katika mtaa wa Budiriro, na kabla mwaka haujakwisha ulikuwa umefika katika mikoa yote kumi ya nchi hiyo. Hadi ulipokoma mwezi wa Julai mwaka 2009, watu zaidi ya 98,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 4,200 kati yao walikuwa wamekufa.

Kwa wale walioifuatilia Zimbabwe tangu siku ya uhuru wake, habari hizo zilikuwa kitendawili. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila palipojadiliwa maji na usafi wa vijiji vya Afrika. Choo cha shimo kilichobuniwa huko kiliigwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Yawezekanaje basi mwalimu wa usafi akaja kufa kwa ugonjwa wa uchafu?

Jibu la swali hilo halipatikani katika mwaka 2008 peke yake. Linapatikana katika historia ndefu ya kisima na choo, historia ambayo huko Zimbabwe haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi. Tanzania haipakani na Zimbabwe. Katikati zipo Zambia, Malawi na Msumbiji. Lakini vijana wa Zimbabwe waliofunzwa kupigana katika kambi ya Mgagao, mkoani Iringa, waliufanya ujirani huo kuwa mkubwa kuliko ule wa mipaka. Mambo ya jirani wa namna hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini.

Kabla ya kuingia wageni, Washona na Wandebele hawakuwa watu wasiojua thamani ya maji safi. Vijiji vilijengwa karibu na chemchemi, mito, au mabonde yenye unyevu, na ardhi ilipochoka watu walihama. Chemchemi nyingi zililindwa kwa miiko. Katika baadhi ya sehemu ilikuwa mwiko kuteka maji kwa chungu chenye masizi, na palikuwa na vidimbwi vitakatifu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvichafua. Mgeni aliyepita aliweza kuiita hiyo imani ya kishirikina. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba maji ya kunywa yalibaki salama. Haja kubwa ilikwenda porini, mbali na nyumba. Na kwa kuwa watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa, jua na mchwa vilimaliza kazi iliyobaki.

Mwaka 1890 msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes uliingia katika nchi ya Washona. Miaka mitatu baadaye dola ya Wandebele ikashindwa vitani. Mwaka 1894 washindi wakawatengea Wandebele maeneo mawili ya kuishi, Gwaai na Shangani. Yalikuwa makavu, mbali na makao yao ya zamani, na watu wengi walikataa kuhamia huko. Hapo ndipo mkosi ulipoanza. Tangu mwanzo kabisa ramani ya utawala wa walowezi ilichorwa kwa namna ambayo maji yalibaki upande mmoja na watu wakasukumwa upande mwingine.

Jambo hilo likapewa nguvu ya sheria mwaka 1930. Sheria ya Ugawaji wa Ardhi iliwapa Wazungu wapatao 50,000 ekari milioni 49, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nchi. Waafrika, waliozidi milioni moja, walibakiziwa ekari kama milioni 21 za maeneo ya wenyeji, pamoja na ekari milioni saba na nusu ambazo wachache wangeruhusiwa kununua. Mwaka 1969 utawala wa Ian Smith, uliokuwa umejitangazia uhuru usio halali mwezi wa Novemba mwaka 1965, ulitunga sheria nyingine ya ardhi na kuisifu kuwa ni ya usawa: ekari milioni 45 kwa kila upande. Usawa huo ulikuwa wa ajabu, kwa maana upande mmoja ulikuwa na watu wasiofika laki tatu, na upande wa pili watu karibu milioni tano.

Maeneo ya Waafrika yaliitwa katika miaka hiyo Ardhi za Amana za Makabila. Jina hilo lenyewe lilibeba siasa nzima ya ubaguzi. Lilitaka kuonyesha kwamba mtu anayeishi huko si raia wa nchi bali ni mtu wa kabila. Kwamba mahitaji yake ni ya kikabila, umaskini wake ni wa kikabila, hata magonjwa yake yanatokana na mila za kabila lake. Mhudumu wa afya aliyekuta watoto wanaharisha, macho yanauma kwa trakoma, na vijana wanakojoa damu kwa kichocho, aliweza kuandika katika taarifa yake kwamba wenyeji hawajastaarabika vya kutosha.

Lakini ukweli wa mambo ulikuwa wazi. Watu waliozoea kuhama sasa walikuwa wamefungwa mahali pamoja. Idadi yao iliongezeka, ardhi haikuongezeka. Pori lililokuwa likiwasitiri likakatwa kwa kuni na mashamba. Mvua iliponyesha ilikokota kila kilichoachwa juu ya ardhi na kukitia katika kisima cha wazi ambamo ng'ombe na binadamu walikunywa pamoja. Desturi ile ile ambayo zamani haikumdhuru mtu ikageuka kuwa mlango wa maradhi, si kwa sababu watu walibadilika, bali kwa sababu nafasi ya kuishi ilibadilishwa na watu wengine.

Utawala ulijibu kwa amri. Watu waliagizwa wachimbe vyoo vya shimo, na mara nyingi maagizo hayo yalikuja pamoja na yale ya kupunguza mifugo na kuchimba matuta, ambayo wananchi waliyachukia kama walivyochukia kodi. Vyoo vilivyochimbwa kwa namna hiyo vilikuwa vya kutisha. Vilinuka, vilibomoka wakati wa masika, na vilizalisha nzi kwa makundi. Mama aliyemkataza mtoto wake kuingia humo hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake kwamba nzi wanaotoka shimoni ndio hao hao wanaotua juu ya chakula. Kwa hiyo choo kibaya kilikuwa na hatari yake sawa na kutokuwa na choo.

Vita vya ukombozi vilipopamba moto baada ya mwaka 1972 hali ilizidi kuwa mbaya. Ili kuwatenga wapiganaji na wananchi, serikali ya Smith iliwakusanya watu kwa maelfu katika vijiji vilivyozungushiwa waya, vilivyoitwa vijiji vya ulinzi. Familia ziliondolewa katika miji yao zikarundikwa pamoja katika vibanda, zikiwa na maji haba na bila ya vyoo vya kutosha. Magonjwa ya kuhara yalifuata, kama ilivyotazamiwa. Utawala uliodai kwamba uchafu ni mila ya Mwafrika ulikuwa sasa unautengeneza uchafu huo kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya waya wa miiba.

Hata hivyo, wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likitendeka kimya kimya katika maabara ya serikali. Maabara hiyo iliitwa kwa jina la Dyson Blair, daktari aliyetumikia idara ya afya ya nchi hiyo. Mmoja wa watafiti wake alikuwa Peter Morgan, mtaalamu wa biolojia, Mwingereza aliyefanya utafiti nchini Malawi kabla ya kuhamia huko mwaka 1972. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Henderson karibu na Mazowe, ulifanyiwa majaribio mfano wa kwanza wa choo ambacho baadaye wananchi walikiita Blair kwa kifupi.

Ubunifu wenyewe ulikuwa rahisi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini haukuenea zamani. Shimo lilifunikwa kwa sakafu ya saruji yenye matundu mawili. Tundu moja lilikuwa la kutumia, na la pili lilitiwa bomba refu lililosimama hadi juu ya paa. Upepo unapopita juu ya bomba huivuta hewa ya shimoni ikapanda juu, na hewa safi huingia kwa kupitia tundu la kutumia ili kujaza nafasi yake. Kwa njia hiyo harufu haiingii kibandani bali hutokea juu ya paa na kupotea.

Siri ya pili ilikuwa giza. Nzi aliyezaliwa shimoni hufuata mwanga. Kibanda kikiwa na giza, mwanga pekee anaouona ni ule wa juu ya bomba. Huruka kuufuata, akafika kileleni, akakuta wavu umefunga njia, akakaa hapo mpaka akafa. Ili kibanda kipate giza bila ya mlango, ambao mara nyingi huachwa wazi au huvunjika, ukuta ulijengwa kwa kuzunguka kama gamba la konokono. Mtu huingia kwa kuzunguka, na mwanga hubaki nje.

Kazi ya choo hicho haikuachwa kuwa maneno matupu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka 1975, kwa muda wa siku 78, watafiti waliwanasa na kuwahesabu nzi waliotoka katika vyoo vya namna mbili. Katika vyoo visivyo na bomba walipatikana nzi 13,953. Katika vyoo vyenye bomba walipatikana 146. Tarakimu hizo mbili zilitosha kuwaondolea lawama wanakijiji wa miaka yote iliyopita. Walikuwa wamekataa choo kibaya. Walipoletewa kizuri walikipokea.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatia sana. Kutoka mwaka 1973 hadi mwaka 1980 ujuzi ulikuwapo, tena ndani ya maabara ya serikali, na bado wananchi wengi wa vijijini hawakuupata. Serikali iliyokuwa vitani na watu wake haikuweza kuwajengea vyoo, na hata ingejaribu, wananchi wasingekuwa na sababu ya kuiamini. Ujuzi bila ya mamlaka inayoaminiwa na watu ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani: haiozi, lakini pia haioti.

Uhuru ulipatikana tarehe 18 Aprili mwaka 1980. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Umoja wa Mataifa ulizindua Muongo wa Kimataifa wa Maji na Usafi, wa kuanzia mwaka 1981 hadi 1990. Serikali mpya ya Zimbabwe ilikuwa na haraka. Mwaka 1981 ilianzisha mpango wa wahudumu wa afya wa vijiji, watu waliotoka vijijini kwao na kurudi huko huko baada ya mafunzo. Mwaka 1985, kwa msaada wa Norway, uliandaliwa mpango mkuu wa taifa wa maji na usafi vijijini, ambao ulitaka wizara zilizozoea kwenda kila moja kwa njia yake zikae pamoja. Maji bila ya choo, ilielezwa, ni nusu ya kazi. Na choo bila ya elimu ya kunawa mikono ni nusu nyingine iliyopotea.

Namna ya kujenga ilifuata msingi wa kujitegemea. Serikali na wafadhili walitoa mifuko michache ya saruji, wavu na nondo nyembamba. Mwenye nyumba alichimba shimo, alifyatua matofali, alikusanya mchanga na kokoto, na kumlipa fundi. Mafundi waashi walifunzwa kutoka miongoni mwa wanakijiji, na wengi wakaifanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Pale kazi ilipomzidi mtu mmoja, watu waliamka mapema wakaenda kwa pamoja, kama walivyozoea kulima kwa pamoja katika utaratibu ambao Washona huuita nhimbe na Wandebele huuita ilima. Msikilizaji wa Tanzania aliyeshiriki kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, wakati vikundi vilipokaa chini ya mti kusikiliza redio na kisha kunyanyuka kwenda kuchimba vyoo, ataitambua roho hiyo bila ya kuelezwa.

Choo cha Blair kilikuwa na jambo jingine ambalo wataalamu hawakulitarajia sana. Kilikuwa cha heshima. Kilijengwa kwa matofali, kikapakwa chokaa, kikasimama uani mahali ambapo mgeni angekiona. Watu walikitumia hata kwa kuogea, kwani kilikuwa na stara na sakafu iliyoteremka kidogo kuelekea tunduni. Kwa mwanamke aliyekuwa akingoja giza liingie ndipo aende porini, ukuta ule wa konokono ulikuwa uhuru wa aina yake, na uhuru huo hauwezi kupimwa kwa kuhesabu nzi.

Katika maji, historia ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1933, katika eneo kavu la Matabeleland, fundi wa serikali aliyeitwa Tommy Murgatroyd alibuni pampu ya mkono kwa ajili ya visima virefu. Ilikuwa nzito na ya kishamba, na nguvu yake ilikuwa katika ushamba huo. Mahali pa kuzungukia mkono wa pampu hapakuwa na mpira wa chuma wa kuagizwa ng'ambo, bali palikuwa na gogo la mti mgumu lililotobolewa na kulowekwa mafuta. Likichakaa, seremala wa kijiji aliweza kuchonga jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 pampu hiyo ilitengenezwa upya, ikarahisishwa, na kufanywa kuwa pampu rasmi ya taifa. Haikuwekewa hataza, kiwanda chochote kilichoweza kufuata vipimo kiliruhusiwa kuitengeneza.

Hata uchimbaji ulirudishwa mikononi mwa watu. Ilitengenezwa Harare mashine ya kutoboa ardhi isiyotumia injini. Husimamishwa kwa miguu mitatu, wananchi wakaisukuma nondo yake ya kuzungusha kwa zamu, wanaume kwa wanawake, huku wengine wakiimba, mpaka maji yatokee. Kijiji kilichochimba kisima kwa namna hiyo hakikuhitaji kuelezwa kisima hicho ni cha nani. Kiliteua kamati yake, na mara nyingi wanawake ndio waliokuwa wengi katika kamati, kwa sababu wao ndio waliojua uzito wa ndoo.

Pamoja na pampu za kijiji, walikuwapo wenye visima vyao vya uani, vilivyochimbwa kwa jembe na kuachwa wazi. Badala ya kuvifukia kwa kuwa havikufuata kanuni, wizara ya afya ilianza kuviboresha: ukuta wa ndani, kifuniko, sakafu ya saruji ya kuzuia maji machafu yasirudi, na gurudumu la kuvutia ndoo moja isiyotolewa hapo. Katika miaka ya 1990 shirika moja la wananchi lililoeneza kazi hiyo lilijiita Mvuramanzi. Mvura ni maji kwa Kishona. Amanzi ni maji kwa Kindebele. Mahali ambapo utawala wa zamani uliona makabila mawili, wananchi waliona kiu moja.

Ingekuwa si haki kuusifu mpango huo bila ya kuutaja upungufu wake. Choo cha matofali kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa rahisi. Mwenye nguvu, mwenye ng'ombe na mwenye mtoto anayefanya kazi mjini ndiye aliyekimaliza kwanza. Mjane na mzee asiye na jamaa walibaki na shimo lililochimbwa nusu, wakingoja saruji. Na wakati misaada ilipochelewa, hata wale walioweza kujijengea choo cha bei ndogo walikaa kungoja, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba choo halali ni kile kimoja tu. Kujitegemea kulianza kugeuka kuwa kungojea.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa katika ardhi yenyewe. Mwaka 1982 jina la Ardhi za Makabila lilifutwa, yakaitwa maeneo ya jumuiya. Jina lilikuwa jema, lakini mipaka, msongamano na udongo uliochoka vilikuwa ni vile vile. Kwa miaka ishirini ya kwanza ya uhuru familia chache tu zilipewa makazi mapya kwa kulinganisha na mahitaji. Hivyo choo na pampu vilipelekwa kupunguza maumivu ya jeraha ambalo kisu chake kilikuwa bado hakijatolewa.

Kisha yakaja mambo matatu kwa kufuatana. Mwaka 1991 serikali ilianza mpango wa kurekebisha uchumi uliotaka matumizi ya huduma za jamii yapunguzwe. Katika msimu wa 1991 na 1992 ukame mkubwa uliikumba kusini mwa Afrika, na visima vingi vifupi vikakauka. Na baada ya mwaka 2000, katika mgogoro ulioandamana na utwaaji wa mashamba makubwa, wafadhili wengi waliondoka, thamani ya fedha ikaporomoka, na mafundi wenye ujuzi wakavuka mipaka kutafuta kazi. Pampu iliyoharibika ilikosa bomba la kubadilisha. Fundi mwashi alikosa saruji. Muuguzi alikosa mshahara unaomtosha hata nauli ya kwenda kazini.

Katika baadhi ya sehemu wananchi hawakukata tamaa. Wilayani Makoni, mashariki mwa nchi, vilabu vya afya vilivyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 viliwakutanisha wanavijiji, wengi wao wanawake, kila juma. Walijifunza somo moja kwa wakati mmoja, na kila somo lilifuatwa na kazi ya nyumbani: kufunika maji, kuchimba shimo la taka, kujenga kichanja cha vyombo, kunawa kwa maji ya kumiminiwa badala ya kuchovya mikono katika bakuli moja. Kazi hiyo haikuhitaji fedha nyingi. Ilihitaji watu wanaokutana na wanaotazamana usoni.

Lakini vilabu haviwezi kuziba bomba la jiji. Mwaka 2008 mitambo ya maji ya Harare ilikuwa inakosa dawa, umeme na vipuri. Maji machafu yalifurika mitaani, na mabomba yakakauka kwa majuma. Wakazi walichimba visima vifupi uani, karibu na maji taka. Kipindupindu hakikuanzia katika kijiji kilichodharauliwa kuwa cha kikabila. Kilianzia katika miji iliyojengwa kwa mabomba na mifereji, na kutoka huko kikasafiri na abiria wa mabasi hadi vijijini. Huko kiliwakuta watu walio mbali na zahanati, na wengi walikufa nyumbani kabla ya kumwona mganga.

Ndipo likatokea jambo ambalo lingewastaajabisha watawala wa mwaka 1930. Ili kuokoa maisha, mashirika ya misaada yalichimba visima virefu katika mitaa ya Harare, na juu ya visima hivyo ikawekwa ile pampu ya mkono iliyotoka Matabeleland. Mama wa mjini, aliyezaliwa katika nyumba yenye bomba, alisimama katika foleni na ndoo yake na kusukuma mkono wa pampu ile ile ambayo shangazi yake alikuwa akiisukuma kijijini kwa miaka mingi. Visima hivyo viliwasaidia wengi. Hata hivyo baadhi yake vilikutwa baadaye navyo vimechafuka, kwa kuwa ardhi ya mji wenye mabomba ya maji taka yaliyopasuka haimsamehe mtu.

Mwaka 2010 serikali ya Zimbabwe ililegeza kanuni zake, ikaruhusu familia kuanza na choo cha chini zaidi, chenye sakafu na shimo lililojengewa, na kukiboresha hatua kwa hatua hadi kiwe Blair kamili. Mwaka 2013 Peter Morgan alitunukiwa mjini Stockholm tuzo ya maji, kwa kutambua kazi ya miaka arobaini. Lakini tuzo haitibu maji. Kuanzia Februari mwaka 2023 hadi katikati ya mwaka 2024 kipindupindu kilirudi, kikawashika watu zaidi ya 34,000 na kuwaua zaidi ya 700.

Historia hii haiihusu Zimbabwe peke yake. Mwaka 1971 Tanzania nayo ilianza mpango wa miaka ishirini uliokusudia kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Mwaka huo ulifika na kupita, na vijiji vingi vilikuwa na mitambo iliyosimama kwa kukosa dizeli na vipuri. Nia njema haikukosekana. Kilichokosekana ni kile ambacho pampu ya gogo ilikuwa nacho, yaani kuweza kutengenezwa na yule yule anayeitegemea.

Mafunzo yanayotokana na safari hiyo ndefu ni wazi. La kwanza ni kwamba hakuna kabila chafu duniani. Wapo watu waliosukumwa mahali ambapo usafi hauwezekani, na wapo watu waliowasukuma. La pili ni kwamba mwanakijiji anayekataa kifaa mara nyingi ameona kasoro ambayo mtaalamu hajaiona, na ni afadhali kumsikiliza kabla ya kumwamuru. Na la tatu, ambalo makaburi ya mwaka 2008 na mwaka 2023 yanalikumbusha, ni kwamba mikono ya wananchi yaweza kuchimba kisima na kujenga choo, lakini haiwezi kuichukulia serikali wajibu wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari za maji, ufa ukiachwa, hata ukuta hauwahi kujengwa. Wanaojengwa ni waombolezaji.